Do ya Injini

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipewa cheti kilichosema naweza kufundisha hesabu, Kiswahili, ushonaji na kuimba. Yale matatu ya kwanza hayakunipa wasiwasi mkubwa. La nne lilinitia baridi, kwa sababu sikuweza kutoa do.

Nieleze vizuri, maana kuna watakaosema najishusha bure. Solfa niliijua. Ukiniandikia ubaoni do, mi, so, la, nitakuimbia bila kuteleza, mradi mtu mwingine anipe ile do ya kuanzia. Chuoni kulikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Mwalimu wetu alibonyeza kwa kidole kimoja, sauti ikatoka, sisi tukaidaka na kwenda nayo. Kanisani kwetu milimani ilikuwa vivyo hivyo, kinanda kilitangulia na watu wakafuata. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kufuata. Nikiachwa peke yangu kwenye kimya, nikifungua mdomo, hutoka kitu ambacho hata mimi sikukitarajia, mara juu kama paka aliyekanyagwa, mara chini kama mzee mwenye kikohozi.

Nami nikapangiwa Voi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Mimi nilizaliwa juu, Taita kwenyewe, ambako ukungu hushuka hadi mlangoni na mtu humsikia jirani akipasua kuni ng'ambo ya bonde. Voi nilikuwa nimepita tu, nikiwa njiani kwenda chuoni, na nilichokumbuka ni vumbi jekundu na watu wengi wenye haraka. Sasa niliambiwa nitafundisha katika shule iliyo karibu na reli, na nitakaa kwa shangazi yangu, dada ya baba. Mume wake alifanya kazi ya reli, wakawa na nyumba katika landhi, zile nyumba za mstari mmoja walizojengewa wafanyakazi, mlango kwa mlango, ukuta mmoja kwa familia mbili.

Juma la kwanza joto lilinilaza. Juma la pili nikaanza kusikia.

Upande wa kushoto wa ukuta wetu alikaa kijana mmoja Mkamba aliyekuwa pointimani, yaani kazi yake ilikuwa kugeuza njia za reli ili kila gari liingie panapolihusu. Akitoka kazini alitoa kiti mlangoni na gita lake. Alipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba kikitembea zake huko chini kama mtu anayekwenda sokoni bila haraka, na kile kingine kikirukaruka juu yake kama mbuzi. Rafiki yake alimsaidia kwa chupa ya soda na msumari, ti-ti-ti, ti-ti-ti, na nyumba kumi nzima zikawa zimepata saa ya kupikia.

Upande wa kulia alikaa mama mmoja wa Mombasa, Mswahili, mume wake karani wa mizigo. Huyo alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri za taarabu. Sikuwa nimewahi kusikia fidla ikilia namna ile. Sikuwa nimewahi kusikia mtu akilichukua neno moja akalizungusha, akalipandisha, akalishusha, akaliacha hewani mpaka ukajiuliza kama atalirudia. Kanisani kwetu neno liliimbwa likaisha.

Siku moja nilisimama mlangoni pake na sufuria mkononi mpaka wimbo ukaisha. Aliniona.

"Mwanangu, usisimame hapo kama askari wa pasi," alisema. Ilikuwa miaka ile ambayo askari wa kukagua pasi za wasafiri walikuwa kila mahali, hasa stesheni. "Ingia ukae. Huo wali wa shangazi yako hautakimbia."

Nikaingia. Nikamuuliza swali ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani kujificha. Nilimuuliza, "Mama, katika wimbo huu do iko wapi?"

Alinitazama kwa huruma. "Do? Mwalimu wangu, hapa ndani kuna kahawa na kuna halua. Do labda uwaulize dukani."

Katika shajara yangu ya miezi ile nimeandika "nimefurahi mno" mara nyingi kiasi kwamba naona haya kuisoma. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimedhani muziki ni chumba kimoja, na kumbe ni landhi nzima. Nilijaribu kuandika wimbo mmoja wa yule pointimani kwa solfa. Mstari wa kwanza ulijaza ukurasa, na hapo kile kidole gumba nilikuwa sijakigusa. Niliuacha, nikatoka nje kumsikiliza tena, kwa kisingizio cha kuchambua maharagwe. Shangazi alikaa nami, maana hakuona vizuri msichana kukaa peke yake kumtazama mwanamume na gita. Alisema muziki ule ni wa watu wasio na kazi. Nisimsingizie, alisema hivyo. Lakini chini ya kanga mguu wake ulikuwa ukienda pamoja na chupa.

Shuleni mambo yalianza vibaya. Mwalimu aliyekuwa na kwaya alikuwa amehamishiwa upande wa Taveta, huko Mata, na hedimasta akanipa mimi nafasi yake.

"Wewe umetoka chuo juzi," alisema. "Mambo ya kuimba bado unayo moto."

Kulikuwa na mwalimu mwenzangu, mwanamume aliyenitangulia kazini, ambaye aliitaka kwaya ile waziwazi. Nami lazima niseme kwamba aliistahili. Sauti yake ilikuwa nene na imetulia, na solfa aliisoma kuliko mimi. Tulichotofautiana ni kimoja. Yeye aliamini kwamba mtoto akisimama wima, mikono nyuma, macho mbele, wimbo utakuja wenyewe. Huenda alikuwa na ukweli. Mimi nilikuwa nimeshakaa karibu na gita kwa majuma kadhaa na sikuamini tena kwamba wimbo huja kwa mtu aliyesimama kama mlingoti.

Hedimasta alitupima sote wawili kwa macho. "Sikiliza, mwalimu," aliniambia. "Mwaka jana siku ya kuimba kule mlimani Wundanyi, kwa mapadri, tulikuwa wa mwisho. Mwaka juzi pia. Nakupa kwaya mpaka siku hiyo. Tukiwa wa mwisho tena, nitampa mwenzako, na hutanung'unika."

"Sitanung'unika," nilisema. Na nilikuwa tayari nanung'unika moyoni, kwa sababu katika ile dakika moja nilijua kwamba sitaki kitu kingine chochote katika kazi hii kama ninavyoitaka hiyo kwaya.

Basi nikaenda kwenye kipindi cha kwanza. Watoto walisimama kwa mistari, wengine Wataita wa bondeni, wengine Wakamba, wengine wa watu wa reli waliotoka kila mahali. Nikaandika wimbo ubaoni. Nikageuka. Nikainua mkono nikitumaini kwamba labda muujiza utatokea na wataanza wenyewe.

Hawakunitazama. Walikuwa wakitazama dirishani.

"Anzeni," nilisema.

"Bado, mwalimu," akasema msichana wa mstari wa mbele.

"Bado nini?"

"Haijalia."

Kabla sijauliza ni nini ambacho hakijalia, ile injini ndogo ya kupanga mabehewa, tuliyoiita shanti, ilifika pale barabara inapokatana na reli, ikapiga honi. Puuuu. Ndefu, imenyooka, inajaza darasa kama maji. Na watoto wote, bila mtu kuwaamuru, wakaidaka, mmmm, midomo imefungwa, sauti moja.

"Hiyo ndiyo do, mwalimu," alisema yule msichana, kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo.

Kumbe uma wa sauti wa shule, kile chuma kinachogongwa kikatoa do, ulikuwa umepotea zamani, na mwalimu aliyenitangulia aliona ya nini kuhangaika. Kila siku baada ya uji shanti ilikwenda kwenye tangi la maji, na kila siku ilipiga honi pale pale. Akaweka kipindi cha kuimba wakati huo. Kwaya ile haikujua do nyingine duniani.

Jioni nilimsimulia mume wa shangazi mpaka nikasahau kula. Alicheka, akafuta macho.

"Yule dereva akijua kumbe ni mwalimu wa muziki," alisema, "kesho ataomba nyongeza."

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimepona. Mungu alikuwa amenipa kinanda chenye magurudumu. Kila siku shanti ilitoa do, watoto waliidaka, mimi nikawa nimebaki na kazi ile ninayoiweza, ya kwenda mbele na wengine. Wimbo wa lazima, ule ambao shule zote zilipewa, waliushika upesi. Ulibaki wimbo wa hiari, ambao kila shule ingejichagulia. Hapo ndipo kichwa kilipopata joto. Nilitaka waimbe wimbo wa bomba.

Wimbo wa bomba aliutunga yule pointimani. Landhi yetu ilikuwa na bomba moja la maji, na foleni ya asubuhi ilikuwa na siasa zake, nani kamtangulia nani, debe la nani limesogezwa kwa mguu. Wimbo wote ulikuwa huo tu. Mstari mmoja ulisema, "Debe langu lilikuwa mbele, sasa naliona nyuma, limetembea lenyewe?" Landhi nzima iliuimba.

Nilimwendea nikiwa na shangazi.

"Wimbo wangu uende kwa mapadri?" aliuliza.

"Utaimbwa na watoto wa shule."

"Mbele ya mapadri."

"Mbele yao, ndiyo."

Alikwaruza nyuzi kidogo. "Na mimi nitapata nini?"

"Utapata jina," nilisema.

"Jina ninalo, mwalimu. Baba yangu alinipa."

Shangazi akacheka, nikajua nimeshindwa. Tukakubaliana kwamba yeye atanifundisha jinsi gita linavyokwenda, ili watoto waligeuze kwa midomo, na mimi nitamfundisha solfa. Alijifunza mpaka fa. Alipofika fa alisema hajaona kazi yake, akaacha. Lakini mimi alinifundisha mpaka mwisho. Wavulana wakubwa wakawa kidole gumba, dum, dum, chini kwa chini. Wasichana wakawa kile kinachorukaruka. Wadogo walikuwa chupa, ti-ti-ti. Nilirudi nyumbani kila siku nikitembea kwa mwendo wa wimbo ule, na watu wa stesheni bila shaka walidhani kiatu kinanibana.

Hedimasta alisikiliza mara moja, amesimama mlangoni. "Maneno yake yana ubaya?" aliuliza.

"Ni ya bomba la maji, bwana."

"Hata mimi debe langu limewahi kutembea," alisema, akaondoka.

Mwenzangu alisema wimbo ule utatuaibisha. Alisema mbele yangu, hakwenda kusema nyuma, na kwa hilo nilimheshimu.

Ni shangazi aliyeniamsha. Tulikuwa tunakuna nazi. Alisema, bila kuinua kichwa, "Na huko Wundanyi mtasikia injini gani?"

Nilikuwa sijafikiri. Mimi niliyezaliwa kule juu, ninayejua kwamba hakuna reli inayopanda mlima ule, nilikuwa sijafikiri hata kidogo. Sheria ya siku ya kuimba ilikuwa kila kwaya iimbe bila chombo, na mwalimu atoe do kwa uma wake au kwa mdomo wake. Uma hatukuwa nao. Mdomo wangu naujua.

Pointimani ndiye aliyeleta wazo la chupa. Ukipuliza mdomo wa chupa ya soda inalia, na ukiitia maji inalia juu zaidi. Basi tukaenda pale reli inapokatana na barabara, yeye, mimi na shangazi, tukangoja shanti. Ilipolia tukaidaka wote, mmmm, kisha mimi nikawa napuliza, yeye akitia maji kidogo kidogo, shangazi akitikisa kichwa, "Bado. Bado. Umepitisha, mwaga." Watu wakasimama kututazama. Mwendesha baiskeli mmoja aliuliza huyo dada ameumwa na nini. Hatimaye chupa na shanti zikawa kitu kimoja. Tukaiziba kwa kizibo, tukakikaza. Hatukuweka alama pale maji yalipofika. Tuliona kizibo kinatosha.

Siku yenyewe tulipanda lori asubuhi. Watoto wengi walikuwa wapya katika kwaya, hawajawahi kupanda mlima. Kupita Mwatate barabara ikaanza kujikunja, huku ukuta wa mawe, huku hewa tupu, na kelele zikapungua moja baada ya nyingine mpaka kukawa kimya. Mimi niliwekwa mbele pamoja na dereva na hedimasta. Mwenzangu alikaa nyuma na watoto, pamoja na kikapu changu. Niliitazama milima yetu ikija, nikaona fahari kama vile ninawapeleka kwa mama yangu.

Tulipofika nikafungua kikapu. Chupa ilikuwa tupu.

"Mdogo mmoja alitapika njia nzima," mwenzangu alisema. "Hakukuwa na maji. Nikaona chupa kwenye kikapu chako."

Nilimtazama. Nitaandika nilichofikiri, kwa sababu nilikifikiri. Nilifikiri, huyu anaitaka kwaya. Kisha nikamwona yule mtoto, kijivu usoni, akimshikilia mkono wa koti kama mtu aliyeshikilia mti mtoni. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote shuleni maji yale ni ya nini, kwa aibu ya kutojua kutoa do. Angejuaje? Na hata angejua, mtoto anatapika. Mimi mwenyewe ningempa.

"Ulifanya vizuri," nilisema. Nikamweleza.

Akasema, "Nikupe do?"

Angeweza. Angeitoa pale pale, nzuri, imetulia. Ila hedimasta alikuwa amesimama nyuma yetu, na kupokea do kutoka kwa mwenzangu kungekuwa kama kumkabidhi kwaya mikononi. Nikasema, "Hapana, asante." Sina hakika kama lilikuwa jibu la haki kwa watoto. Nilitia maji ya mtungi katika chupa, nikapuliza, nikamwaga, nikapuliza. Kila mara nilikuwa na hakika, na kila mara ilikuwa sauti tofauti.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Shule za juu ziliimba kwanza, na ziliimba vizuri, na nisiseme vinginevyo. Walimu wao waligonga uma kwenye goti, wakausogeza sikioni, wakatoa do kama watu wanaotoa leso mfukoni. Kisha tukaitwa sisi. Watoto wangu walipanda jukwaani wakitetemeka kwa baridi, wengine bila viatu kwenye sakafu ya saruji. Mbele alikaa padri aliyekuwa mwamuzi, mzee, karatasi gotini, kinanda kando yake.

Nikainua mkono. Chupa nilikuwa nimeiacha kwenye benchi. Nilifungua mdomo ili nitoe chochote kitakachotoka.

Hawakuwa wakinitazama. Walikuwa wakitazama dirishani, wote, kama siku zote, huko nje ambako kulikuwa na ukungu na migomba. Walikuwa wakingoja. Nikaona nyuso zao zikifahamu polepole kwamba haitakuja. Yule msichana wa mstari wa mbele akageuka akaniangalia, akamwangalia jirani yake. Kisha akavuta pumzi.

"Puuuu," alisema.

Na wote wakamfuata. Kwaya nzima. Puuuu, ndefu, imenyooka, mpaka wavulana wakubwa wakatia ule mngurumo wa chini ambao shanti huwa nao ikiwa imejaa makaa.

Ukumbi ulilipuka. Wazee walicheka, walimu walicheka, watoto wa juu walishikana mabega. Niliona hedimasta amefunika paji la uso kwa mkono. Lakini watoto wangu walikuwa wameshafunga midomo, mmmm, wameidaka, wananingoja mimi sasa. Mkono wangu ulishuka wenyewe. Wakaimba.

Sikusikia kitu mpaka katikati. Halafu nikasikia. Zilikuwa sauti zao za kila siku, mahali pao pa kila siku, wala hawakupanda wala hawakushuka, kana kwamba dirisha lile ni la darasani kwetu na joto limo. Kicheko kilikwisha bila mimi kujua kimekwisha lini.

Walipomaliza, padri alinyanyuka, akakanyaga kinanda chake, akabonyeza kwa kidole kimoja. Akasikiliza. Akabonyeza tena. Huwa wanafanya hivyo kuona kama kwaya imeteleza ikashuka njiani.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "hamkushuka. Do hii mmeitoa wapi?"

Aliyejibu ni mwenzangu, kutoka benchi, kwa ile sauti yake nene.

"Stesheni ya Voi, bwana padri."

Wakacheka tena, ila sasa kilikuwa kicheko cha namna nyingine.

Ulipofika wimbo wa bomba, watoto wa juu walitaka kutusaidia. Kabla sijainua mkono walipiga kelele, "Puuuu," huku wakicheka. Watoto wangu waliwatazama kwa masikitiko kidogo. Haikuwa yenyewe. Wakangoja wamalize, wakatoa yao. Kidole gumba kikaanza kutembea, dum, dum, wadogo wakaingia na chupa yao, na debe lilipofika mahali pa kutembea lenyewe nikasikia mwanamke mmoja katikati ya ukumbi akisema, "Kumbe na huko." Mguu wa padri ulikuwa ukienda. Uliacha, ukakumbuka, ukaenda tena.

Hatukuwa wa kwanza. Wa kwanza walikuwa shule moja ya juu, na kama mimi ndiye ningeamua ningeamua hivyo hivyo. Padri alitupunguzia alama kidogo kwa ile honi, akasema haikuandikwa katika wimbo wa lazima, na hilo nalo ni kweli. Tulikuwa katikati. Nyuma yetu kulikuwa na shule zaidi ya moja.

Wakati wa kurudi niliomba nikae nyuma na watoto. Hedimasta alikuwa hajasema neno tangu ukumbini. Alipokuwa akipanda mbele aligeuka akaniambia, "Jumatatu kuna bwana wa elimu anakuja kukagua. Kipindi cha kuimba kiwe baada ya uji kama kawaida, usikisogeze." Akafunga mlango.

Lori likaanza kushuka. Nilimgeukia mwenzangu, maana sikuweza kukaa na jambo lile tumboni. "Amesema nini?" niliuliza.

"Amesema kwaya ni yako."

"Hakusema hivyo."

"Dada, kama angekunyang'anya angezungumza na mimi." Alisema hivyo bila uchungu, au kama uchungu ulikuwapo aliuweka mahali ambapo sikuweza kuuona. Yule mdogo alikuwa amelala juu ya koti lake.

Watoto walikuwa wameanza kuimba bomba tena, kila kona ya barabara ikiwapa sababu ya kupiga honi. Nilikuwa na furaha iliyonifanya nisijue pa kuweka mikono. Nilimwambia kwamba do mimi siwezi kuitoa, tangu chuoni, sijawahi. Alisema alikuwa ameshajua. Nikamwambia kwamba anayo sauti ambayo kwaya ile haina, na kama atakubali kusimama na wavulana wakubwa, upande wa chini, mimi nitasimama mbele, na watoto tutawaacha wasimame wanavyotaka.

"Wima," alisema.

"Wima, lakini magoti yaachiliwe."

Akafikiri. "Tutawaimbisha nini?"

Nikamwambia kuhusu mama wa Mombasa na gramafoni yake, na lile neno linalozungushwa mpaka linaachwa hewani, na jinsi ambavyo nimekuwa nikilifanyia mazoezi chooni ili shangazi asinisikie. Nilisema haraka, nikirukaruka, sijui kama alielewa nusu. Alinisikiliza mpaka milima ikaanza kuwa nyuma yetu na upepo wenye joto ukatupiga usoni.

"Na fidla?" aliuliza. "Hao watoto watapata wapi fidla?"

Nikamwambia wana pua.